Chura wa Matete: Jirani Tusiyemjua

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Msomaji mpendwa, methali hii umeiandika kwenye insha si mara moja. Hata mimi nimeiandika, tena nikapewa alama. Lakini je, umewahi kujiuliza ni chura gani huyo anayepiga kelele, na mbona anapiga? Mimi sikuwahi kujiuliza mpaka mwezi wa Machi mwaka huu.

Mambo yalikuwa hivi. Nyuma ya uwanja wetu wa mpira, pale chini ua ulipoanguka, kuna kidimbwi chenye matete. Kila mtu anakijua kwa sababu mipira yetu huishia humo. Mvua ilipoanza kunyesha, baadhi yetu wa kidato cha tatu tuliandika barua kuomba kidimbwi kile kifukiwe. Tulitoa sababu tatu: ati kinaleta mbu, kinameza mipira, na kimejaa vyura wanaotupigia kelele wakati wa masomo ya jioni. Sahihi yangu ilikuwa ya nne kutoka juu.

Mwalimu wetu wa Biolojia aliisoma barua ile hadi mwisho. Hakukasirika. Alituuliza swali moja tu: "Ni vyura gani?" Sote tukanyamaza jii! Hakuna aliyejua. Basi akatuambia twende tukawatazame kwanza, halafu ndipo turudi na barua yetu. Makala haya ndiyo niliyorudi nayo mimi.

SURA YAKE

Ukitaja chura, wengi wetu tunamfikiria yule mnene mwenye ngozi ya vipelevipele, anayekaa chini ya taa za barabarani usiku akingojea wadudu. Huyo si ninayemzungumzia hapa. Wetu wa kidimbwini ni mdogo sana. Akikua kabisa urefu wake ni kama sentimita 3 hivi. Ukimweka juu ya sarafu ya shilingi ishirini, ataijaza, asiizidi sana. Ndiyo maana tulikuwa tukisikia kelele bila kumwona mwenye kelele.

Wataalamu humwita Hyperolius glandicolor. Jina hilo alipewa mwaka 1878 na Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama wa Berlin, kutokana na vyura waliotoka Taita, hapa hapa Kenya. Wataalamu wengine humhesabu pamoja na ndugu yake Hyperolius viridiflavus, na ubishi wao haujaisha. Sababu ya ubishi ni rangi. Chura hawa hubadilika rangi na madoa kutoka sehemu moja hadi nyingine, hata ukiwaona wa sehemu mbili unaweza kuapa kwamba hawana undugu. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita chura wa matete, kwa vile huko ndiko anakokaa.

Tulipowatazama kwa tochi tuliona wa aina mbili, tukadhani ni vyura wa makabila mawili. Wa kwanza ni wa rangi ya kahawia hafifu, na ana mstari mweupe kila upande, kuanzia kwenye jicho kuteremka ubavuni. Wa pili ana madoadoa mgongoni na amepakwa wekundu chini ya mapaja na kwenye vidole, kama mtu aliyekanyaga wino. Kumbe wote ni wamoja! Wachanga wote huanza wakiwa na ile rangi ya kahawia. Majike wakikomaa huvaa madoadoa. Madume wengine huvaa pia, na wengine hubaki na rangi yao ya utotoni hata wakiwa watu wazima.

Kitu cha ajabu zaidi ni vidole vyake. Kila kidole kimeishia kwenye kisahani kidogo cha duara. Visahani hivi vina unyevu na vinanata, kwa hivyo chura huyu hupanda tete lililosimama wima, au hukaa chini ya jani, miguu juu mgongo chini, asianguke. Hii ndiyo sababu akahesabiwa miongoni mwa vyura wa mitini, ingawa mti wake ni tete tu. Miguu ya nyuma ina ngozi kati ya vidole, kama ya bata, ili aweze kuogelea. Basi ana viatu vya kupandia na makasia ya kuogelea kwa pamoja.

KELELE ZAKE

Wanaopiga kelele ni madume peke yao. Dume hupanda kwenye tete au jani giza linapoingia, akaanza kuita. Chini ya kidevu ana mfuko wa ngozi. Akiita, mfuko huo hufura kama chingamu iliyopulizwa, ukakaribia kuwa mkubwa kama mwili wake mzima. Sauti yenyewe ni fupi na kali: tik! tik! tik! Mmoja peke yake ni kama mtu anayegonga gilasi kwa kijiko. Wakiwa wengi, ni kama harusi nzima inagonga gilasi.

Hawafanyi hivyo ili kutuudhi sisi tunaosoma hesabu. Dume anawaambia majike, "Niko hapa," na pia anawaambia madume wenzake, "Hapa pana mwenyewe." Wakati mwingine wawili wakikaribiana sana hushikana mieleka mpaka mmoja aanguke majini. Jike hukaa kimya akisikiliza, halafu humwendea mmoja aliyempendeza. Kwa hivyo kelele tulizolalamikia ni posa.

TANGU YAI HADI CHURA

Kidato cha tatu tunasoma uzazi na ukuaji wa viumbe, na mambo hayo yote yako kwenye kidimbwi kile bila kulipa karo.

Jike akishachagua, dume humpanda mgongoni na kumkumbatia. Jike humbeba mpaka majini. Huko hutaga mayai, na dume huyamwagia mbegu zake yakiwa nje ya mwili. Mayai ni madogo kama vichwa vya pini. Yamefunikwa kwa utando laini kama ute wa yai la kuku, na hunata kwenye mimea iliyo ndani ya maji. Jike mmoja anaweza kutaga mamia. Msistaajabu, maana wengi wataliwa.

Baada ya siku chache mayai huanguliwa, wakatoka viluwiluwi. Kiluwiluwi ana kichwa na mkia tu. Hupumua kwa matamvua kama samaki. Mdomo wake una vijino vidogo vya kukwangulia mwani, yaani ule ute wa kijani unaoota kwenye mawe na mashina. Wakati huo maadui zake ni samaki, ndege wa majini, na hasa watoto wa kerengende ambao huishi majini na ni wawindaji wakali ajabu.

Wiki zinapopita, miguu ya nyuma hutokeza kwanza, halafu ya mbele. Mdomo hupanuka. Utumbo uliokuwa mrefu kwa kusaga mimea hufupika, kwa sababu sasa ataanza kula wadudu. Matamvua hupotea na mapafu huchukua kazi. Na mkia je? Wengi wetu tuliamini kwamba hukatika ukaanguka. La hasha! Mkia hufyonzwa na mwili wenyewe kidogo kidogo, ukawa chakula cha safari. Siku hizo mdomo unabadilika na hawezi kula vizuri, kwa hivyo anakula akiba aliyokuja nayo. Safari hii yote, kutoka yai hadi chura mdogo anayepanda tete, huchukua wiki kadhaa, na baridi ikizidi kama yetu ya Julai, hukawia.

Chura mchanga akitoka majini hana bahati ya kupumzika. Mbele yake kuna kiangazi. Wataalamu wa Ujerumani waliowachunguza jamaa zake katika mbuga za Afrika Magharibi walishangaa. Vyura wachanga wa huko hawajifukii ardhini kama vyura wengine. Hukaa hapo hapo juu ya bua kavu, jua likiwawakia, miguu wameikunja chini ya tumbo wasipoteze maji. Ngozi yao hugeuka nyeupe kama chokaa, kwa sababu ina chembe zinazorudisha mwanga kama kioo. Hukaa hivyo wiki nyingi wakingoja mvua. Sisi tukikaa gwaride nusu saa tunaanza kuzimia!

Mvua ikija, walionusurika huanza kuita na kutaga, wengi wao wakiwa na umri wa karibu mwaka mmoja tu. Ni wachache wanaoishi zaidi sana ya hapo. Kwa hivyo kidimbwi kikikosa mwaka mmoja tu, pengo lake ni kubwa. Jambo hili nawaomba mlikumbuke, nitalirudia.

MAKAO YAKE HAPA KWETU

Chura wa matete anahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji yanayotulia kwa mayai na viluwiluwi, na majani marefu kando ya maji hayo kwa wakubwa. Ukimpa maji bila matete, hana pa kuitia. Ukimpa matete bila maji, hana pa kuzalia.

Mji wetu ulikuwa umemfaa kabisa. Jina Nairobi lilitoka kwa Wamaasai, nalo linahusu maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, sehemu ya katikati ya jiji ilikuwa kinamasi. Pale tunapokimbilia matatu leo palikuwa na matete. Vyura walikuwa raia wa Nairobi kabla ya mtu yeyote kujenga duka.

Sisi tunaoishi upande wa magharibi bado tumebahatika kidogo. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unateremka kupitia upande wa Dagoretti, unapita kati ya Kawangware na Kangemi, unaenda Riverside na Chiromo, ndipo unaingia katikati ya jiji na kuelekea Gikomba. Kijito cha Kirichwa Kubwa nacho kinapita kando ya Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Ukifuata mito hii kwa miguu, kama tulivyofanya Jumamosi mbili, unaweza kusoma hali ya maji kwa masikio.

Penye mashamba ya nduma bondeni, tulisikia tik! tik! kila mahali. Majani ya nduma ni mapana na yanakaa juu ya maji, kwa hivyo kwa chura huyu ni kitanda na jukwaa. Tulimkuta shosho mmoja akipalilia nduma zake, tukamwamkia na kumuuliza kama vyura hawamsumbui. Alitucheka. Alisema, "Wajukuu wangu, hawa wakinyamaza ndio nitasumbuka. Nitajua kuna kitu kimemwagwa huko juu." Tulipoteremka chini zaidi, mahali mitaro ya maji machafu inapoingilia mtoni, maji yalikuwa meusi, matete yamekatwa, na takataka zimekuwa kingo za mto. Tulisimama pale mpaka giza likaingia. Hatukusikia hata mmoja.

Basi nikaiona methali yetu kwa macho mengine. Ni kweli kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini kimya cha chura kingefaa kimzuie.

KWA NINI CHURA HUWAHI KUUMIA

Sababu iko kwenye ngozi. Ngozi ya chura ni nyembamba na yenye unyevu, naye huitumia kupumua na kunywa. Maji hupita kwenye ngozi hiyo, na kilichomo ndani ya maji hupita nayo: sabuni, mafuta ya gari, dawa za kuulia wadudu. Yai lake nalo halina gamba. Samaki mkubwa anaweza kuogelea akahama, lakini yai lililonata kwenye jani halihami.

Kuna pia ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, ambao umewaangamiza wengi katika nchi mbalimbali duniani. Kuvu hiyo imeshapatikana kwa vyura wa Kenya pia.

Mfano wa majirani zetu Watanzania unafundisha. Katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi penye manyunyu ya maporomoko tu, katika eneo la kama hekta mbili. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua sana, na kuvu nayo ikaingia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Bahati nzuri baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazaliana katika bustani za wanyama, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao, ambako kumewekwa mabomba ya kunyunyizia maji. Gharama yote hiyo ni kwa sababu ya kurudisha kitu ambacho kilikuwa hapo bure!

Hapa Kenya, ndugu wa chura wetu anaishi Shimba Hills, Kwale. Mgongo wake ni mweusi na una michirizi myekundu kama nyungunyungu. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Wa kwetu hayuko katika hatari ya namna hiyo, bado wako wengi. Lakini kuwa na wengi katika Kenya hakumsaidii anayefukiwa kwenye kidimbwi kimoja.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani kule Oslo tarehe 10 Desemba 2004, mbele ya wakuu wa dunia, alizungumza juu ya mayai ya chura. Alisimulia jinsi alivyokuwa akichota maji kijitoni utotoni, akicheza kwenye majani ya nduma, akidhani mayai ya chura ni shanga, akijaribu kuyaokota yakimkatikia vidoleni. Baadaye akawaona viluwiluwi maelfu. Akasema kijito kile kilikuwa kimekauka. Nilipoyasoma maneno hayo niliona haya. Yeye alililia kijito kilichokauka, na mimi nimetia sahihi ya kukikausha changu.

TURUDI KWENYE BARUA YETU

Sasa nizijibu zile sababu zetu tatu, moja baada ya nyingine.

Kwanza, mbu. Sitaki kusema uongo kwamba chura atawamaliza mbu. Hula wadudu wadogo wanaopita karibu naye, mbu wakiwemo, lakini hawezi kuwamaliza. Hata hivyo kidimbwi chenye kerengende na vyura kina wawindaji ndani yake. Maji yasiyo na mwindaji hata mmoja ni yale ya kwenye mikebe, matairi na mtaro ulioziba nyuma ya jikoni. Huko nimehesabu viluwiluwi vya mbu wengi kuliko kidimbwini. Tuanze na mtaro.

Pili, mipira. Hiyo ni kazi ya ua, wala si ya chura. Ua ukisimamishwa, mipira haitaingia.

Tatu, kelele. Hizo huja msimu wa mvua tu, na huanza giza linapoingia, wakati sisi wa shule ya kutwa tunafunga vitabu kwenda nyumbani. Ukweli ni kwamba kelele zetu wenyewe mwalimu akitoka darasani zinawashinda.

Kuna wenzetu pia wanaoogopa kwamba ukimgusa chura unaota chunjua. Hiyo ni imani tu. Chunjua huletwa na virusi vinavyotoka kwa binadamu mwenzako. Chura wa matete hang'ati wala hana kucha. Lakini hata hivyo tusimshike ovyo, kwa sababu mikono yetu yenye sabuni na mafuta inamuumiza yeye. Mtazame kwa tochi, halafu umwache.

Ninapendekeza hivi. Matete yasikatwe wakati wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, maana ndipo mayai na viluwiluwi wako majini. Yakilazimika kukatwa, yakatwe upande mmoja, mwingine ubaki. Maji ya kuoshea madarasa yenye sabuni yasielekezwe huko. Na Chama cha Kiswahili tukishirikiana na wenzetu wa Chama cha Mazingira tunaweza kukaa pale jioni moja kila mwezi tukaandika wangapi wanaita. Mwaka ujao jarida hili litachapisha hesabu hiyo, tujue kama wanaongezeka au wanapungua.

Mimi nimemwendea mwalimu nikaomba jina langu lifutwe kwenye ile barua. Wenzangu watano wamefanya vivyo hivyo. Waliobaki siwalaumu, nawaalika tu. Mvua ikinyesha mchana, usikimbilie nyumbani siku hiyo. Teremka pale chini ya uwanja saa kumi na mbili na nusu, simama kimya, usiwashe tochi mara moja. Utasikia mmoja akianza, tik! halafu wa pili atamjibu, halafu kidimbwi kizima. Ukishawasikia, ndipo uamue kama utatia sahihi. Lisemwalo lipo, na hawa wanasema kwamba maji yetu bado ni mazima.